Mkwe Asiyepewa Jembe

Wahenga wetu walitufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Maana ya usemi huu si kumfukuza mgeni, bali ni kumpandisha daraja. Kwani anaposhika jembe huacha kuwa mtu wa kuhudumiwa, akawa mtu wa nyumba. Lakini wahenga hawakutuachia neno juu ya mgeni aliyeoa katika nyumba ile ile, akazaa humo, akawazika humo wakwe zake, na hata hivyo kila mwaka hulazimika kubisha hodi upya na kuomba ruhusa ya kulala. Mgeni wa namna hiyo yupo, tena kwa maelfu, katika nchi ya Thailand. Mambo yake yanastahili kutazamwa kwa makini na watu wa visiwa hivi, na zaidi na watumishi wa Serikali, maana nchi ile nayo inaishi kwa utalii, nayo ina visiwa vinavyotamaniwa na kila mwenye fedha, na binti zake nao huolewa na wageni.

Jambo hili lina historia yake. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, Marekani iliweka vituo vya ndege za kivita nchini Thailand, na kadhaa kati ya hivyo vilikuwa katika sehemu ya kaskazini mashariki iitwayo Isan, kama vile Udon, Ubon na Korat. Isan ni nchi ya wakulima wa mpunga, na kwa muda mrefu imekuwa nyuma kimaendeleo kuliko Bangkok na nyanda za kati. Baadhi ya askari walioa huko. Majeshi yakaondoka kufikia mwaka 1976, lakini njia ilikwisha funguliwa: baada ya askari walikuja watalii, na baada ya watalii wakaja wastaafu kutoka Uingereza, Ujerumani, nchi za Skandinavia na kwingineko. Wengine waliwachukua wake zao kwenda Ulaya. Wengine wakajenga nyumba pembezoni mwa mashamba ya mpunga ya wakwe zao na kuweka maskani.

Ni rahisi kuzitazama ndoa hizi kwa dharau na kusema kwamba upande mmoja umefuata fedha na upande wa pili umefuata ujana. Sisi hatukubaliani na hukumu ya jumla namna hiyo. Zipo ndoa za hila, kama zilivyo kila mahali. Lakini pia ziko nyumba ambazo zimesimama miaka ishirini na thelathini, zikasomesha watoto na kutunza wazee wa pande zote mbili. Kwa hiyo swali linalotuhusu si kwa nini watu hawa walioana. Swali ni hili: ikiwa wameoana kwa mujibu wa sheria, je, dola inawachukuliaje?

Tuanze na ndoa yenyewe. Katika sheria ya Thailand, ndoa inayotambuliwa ni ile iliyoandikishwa katika ofisi ya wilaya. Sherehe ya nyumbani, pamoja na baraka za watawa wa Kibuddha na fedha ambazo bwana harusi huwapa wazazi wa bibi harusi, ni mambo ya heshima na ya mila, lakini hayampi mtu haki yoyote mbele ya afisa. Fedha hizo, tukumbushe, si mahari kwa maana tunayoijua sisi, maana mahari ni haki ya mke mwenyewe. Mgeni hutakiwa kwanza kupata hati kutoka ubalozi wa nchi yake inayothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa, hati hiyo itafsiriwe kwa Kithai, kisha ihakikiwe na Wizara ya Mambo ya Nje, ndipo wilaya ikubali kuandikisha. Asiyefuata njia hiyo anaweza kuishi na mwenzake miaka mingi na bado akawa si chochote katika daftari la Serikali.

Baada ya ndoa hufuata ukaazi. Mume mgeni huingia kwa viza ya siku 90, kisha huomba kuongezewa muda wa mwaka mmoja kwa sababu ya ndoa. Ili apewe, hana budi kuonesha kwamba ana baht 400,000 katika benki ya Thailand, nazo ziwe zimelala humo miezi miwili kabla ya maombi, au awe na kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Hupeleka vyeti, ramani ya njia ya kufika nyumbani, na picha za mume na mke wakiwa pamoja ndani na nje ya nyumba yao. Na maafisa wana haki ya kwenda kuhakikisha. Ada ya maombi ni baht 1,900. Mwaka ukiisha, yote huanza upya. Tena, kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1979, kila baada ya siku 90 mgeni huyo hupaswa kuarifu anakokaa, na mwenye nyumba hupaswa kutoa taarifa ya mgeni anayelala kwake katika muda wa saa 24. Sisi tuliozoea kumwarifu sheha hatutaliona jambo hili kuwa geni. La ajabu ni kwamba mwenye nyumba anayewajibika kumwarifu mgeni mara nyingi ni mke, na mgeni anayeripotiwa ni mumewe.

Akitaka kusafiri, ni lazima kwanza achukue ruhusa ya kurejea, ambayo ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Akitoka bila ya ruhusa hiyo, muda wake wote wa ukaazi hufutika. Na ikiwa mkewe atafariki dunia, au ndoa ikavunjika, msingi wa ukaazi wake umekwisha, hata kama amekaa hapo robo karne. Mjane wa namna hii huweza kujikuta anapanga mazishi huku anatafuta aina nyingine ya viza.

Mlango wa ukaazi wa kudumu upo, lakini ni mwembamba: kwa mwaka hupokewa watu wasiozidi 100 kutoka kila nchi, na aliyeoa Mthai hulipa baht 95,700, ambayo ni nusu ya ada ya mtu mwingine. Kuhusu uraia, sheria imeweka njia mbili zisizolingana. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mthai anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyeoa Mthai hufuata njia ndefu ya kuandikishwa, ingawa marekebisho ya mwaka 2008 yalimpunguzia baadhi ya masharti. Hata sharti la fedha katika benki limeelekezwa kwa mume mgeni, wala si kwa mke mgeni. Mantiki yake ni ile ile ya zamani, kwamba mke humfuata mume na mume ndiye mlishaji. Ama watoto, mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1992, mama wa Kithai hakuwa na haki sawa na baba katika kumrithisha mtoto uraia. Sasa mtoto wa baba au wa mama Mthai ni Mthai, pamoja na wajibu wake. Kwa mfano, kijana wa kiume akifika miaka 21 huitwa kwenye kura ya jeshi, awe na jina la kigeni au asiwe nalo.

Sasa tuje kwenye jembe lenyewe. Ruhusa ya kukaa si ruhusa ya kufanya kazi. Mume mgeni anayekaa kwa sababu ya ndoa anaweza kuomba kibali cha kazi, lakini bila kibali hicho, akionekana nyuma ya meza ya duka la mkewe akihudumia wateja, anaweza kukamatwa. Ziko pia kazi ambazo wageni wamefungiwa kabisa ili zibaki mikononi mwa wananchi. Amri ya mwaka 1979 ilizitaja kazi 39, na orodha hiyo imerekebishwa baadaye. Miongoni mwa zinazolindwa ni kuongoza watalii, kunyoa na kutengeneza nywele, na kuuza bidhaa barabarani. Katika matibabu nako, mpango mashuhuri wa baht 30 ulioanzishwa mwaka 2001 ni wa raia. Mkwe mgeni akiugua hulipa mwenyewe au hutegemea bima, na bima humkimbia mtu kadiri umri unavyozidi. Ndiyo maana wapo wazee wa Ulaya waliokwenda Isan kumalizia maisha, ambao akiba yao iliishia katika bili za hospitali.

Lakini hakuna jambo linalozua maneno mengi kuliko ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1954 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi. Kwa miaka mingi hata mwanamke wa Kithai aliyeolewa na mgeni alizuiwa kununua ardhi, kwa hofu kwamba mumewe ndiye mnunuzi wa kweli. Hali hiyo ilibadilishwa mwaka 1999. Tangu wakati huo mke anaweza kununua, ila mume na mke hutakiwa kutia saini katika Ofisi ya Ardhi kwamba fedha iliyotumika ni mali ya mke peke yake. Matokeo yake yako wazi: mume aliyeleta akiba ya maisha yake yote amekwisha kuandika kwa mkono wake kwamba haina uhusiano naye. Siku wakiachana, kiwanja si sehemu ya mali ya kugawana.

Hata hivyo, sheria haikumwacha mtu huyo uchi. Anaweza kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 30. Anaweza kumiliki jengo bila ya kumiliki kiwanja. Anaweza kuandikishiwa haki ya kuitumia ardhi na kufaidi mazao yake kwa muda wote wa uhai wake, haki ambayo haiondoki hata kama ardhi itauzwa. Na katika majengo ya ghorofa, wageni kwa pamoja wanaweza kumiliki hadi asilimia 49 ya eneo la jengo. Aliyeshauriwa mapema huzitumia njia hizi, akaishi kwa amani na mkewe na ndugu zake. Asiyeshauriwa huingia katika njia za panya: huunda kampuni ambayo kwenye karatasi asilimia 51 ni ya Wathai, lakini Wathai hao ni majina tu ya kukodiwa, pengine karani au dereva. Jambo hilo ni kosa la jinai kwa mgeni na kwa raia aliyemwazima jina.

Hapa ndipo visiwa vinapoingia. Phuket na Samui vimeona bei ya ardhi ikipanda mpaka mvuvi na mkulima wa minazi hawawezi tena kununua kiwanja karibu na pale walipozaliwa. Mwaka 2024 wakaazi wa Phuket walikusanyika ufukweni kudai ngazi za jumba moja la kifahari ziondolewe kwa kuwa zilijengwa kwenye ufukwe wa umma, na ngazi hizo zikavunjwa. Ghadhabu ile haikuwa ya ngazi peke yake. Ilikuwa ni ya watu waliohisi kwamba wamekuwa wageni kwao. Kwa hiyo hatuilaumu Thailand kwa kuilinda ardhi yake. Nchi iliyouza ardhi yake haina pa kuwapokelea wageni wala pa kuwalaza wenyeji.

Tunachoona ni kasoro ni kitu kingine. Nchi hiyo hiyo inayompa mume wa raia wake mwaka mmoja mmoja, ilianzisha mwaka 2003 kadi maalumu ambayo mgeni huinunua na kupata ukaazi wa miaka mingi. Septemba 2022 ilifungua viza ya miaka 10 kwa matajiri, wastaafu wenye kipato kikubwa na wataalamu, ambao huripoti mara moja kwa mwaka badala ya kila siku 90. Julai 2024 ilifungua nyingine ya miaka mitano kwa wanaofanya kazi za kwao wakiwa mbali, kwa sharti la kuwa na baht 500,000. Wenyewe watasema kwamba hizo ni sera za uchumi, na hapana shaka ndivyo zilivyo. Lakini maana yake ni kwamba mtu asiyemjua Mthai hata mmoja anaweza kulala kwa utulivu kuliko baba wa watoto wa Kithai. Mkoba umepewa heshima kuliko ndoa.

Wala asidhani mtu kwamba Ulaya, inayopenda kuwafundisha wengine haki za binadamu, imefanya vizuri zaidi. Mwingereza aliyeoa Mthai akitaka kumpeleka kwao alitakiwa, tangu Julai 2012, awe na kipato cha paundi 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi 29,000. Serikali iliyotangulia ilikusudia kukifikisha 38,700. Serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 ikasimamisha upandishaji huo. Juu ya hayo kuna mtihani wa Kiingereza, uchunguzi wa kifua kikuu, ada ya viza na tozo ya afya ya paundi 1,035 kwa kila mwaka. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba kuweka kiwango cha kipato si kinyume cha sheria, lakini ikasema kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Ujerumani, tangu mwaka 2007, humtaka mke ajue Kijerumani cha mwanzo kabla hajaondoka kwao. Denmark, mwaka 2002, iliweka sharti kwamba mume na mke wote wawe wametimiza miaka 24. Na hata hivyo, katika wilaya ya Thy, kaskazini magharibi ya nchi hiyo, mamia ya wanawake wa Kithai wameolewa na kuishi huko. Mwuguzi au dereva wa Kiingereza mwenye mshahara mdogo huambiwa, kwa lugha ya sheria, kwamba umasikini wake humnyima haki ya kuishi na mkewe katika nchi aliyozaliwa. Wengi wa namna hiyo ndio huishia kuhamia Isan.

Tumeyaeleza haya kwa urefu ili tujitazame wenyewe. Kwetu nako binti zetu wameolewa na Wataliani, Wajerumani, Waingereza na wengineo, na vijana wetu wameoa wageni. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humruhusu mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, na hulazimika kupita mlango wa mgeni mwingine yeyote. Ni kasoro ile ile ya Thailand. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wameweka miaka saba ya ndoa kwa mume na mke sawasawa, na hatujasikia kwamba nchi yao imebomoka kwa sababu hiyo.

Kwetu liko na jambo la pili. Uhamiaji na uraia ni mambo ya Muungano, ilhali ajira na ardhi ni mambo ya Zanzibar. Mgeni aliyeoa hapa hupita meza za Serikali mbili, na si kila meza inajua meza ya pili inataka nini. Kuhusu ardhi, msingi uliowekwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwamba ardhi ni mali ya Serikali kwa faida ya wananchi, na baadaye Sheria ya mwaka 1992 ya umiliki wa ardhi, umetulinda dhidi ya mengi yaliyowapata watu wa Phuket. Hapana budi msingi huo ulindwe. Lakini kulinda ardhi ni kazi ya sheria na ya wananchi pia. Anayeazima jina lake ili mgeni ajifiche nyuma yake, awe ni ndugu wa mke au ni mtu wa mtaani, anaiuza eka ya babu yake kwa bei ya karamu. Siku ya ugomvi, na siku hiyo haikosi kuja, atajikuta mahakamani peke yake.

Na kwa kuwa hapa nako mgeni anayenunua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa hufunguliwa njia ya kuomba kibali cha ukaazi, tunawaomba wanaohusika wajiulize swali lile tulilowauliza Wathai: je, mume wa binti yetu, baba wa wajukuu zetu, njia yake imenyooka kama ya mnunuzi wa nyumba? Ikiwa haikunyooka, basi inafaa inyooshwe.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, mume na mke wa raia watendewe sawa mbele ya sheria ya uraia. Pili, ndoa iliyokwisha thibitika kwa miaka kadhaa, na hasa yenye watoto, ipewe ukaazi wa muda mrefu usiokatika siku ile mwananchi anapofariki. Tatu, masharti yote na ada zote, za Muungano na za Zanzibar, ziandikwe kwa Kiswahili chepesi katika karatasi moja, ibandikwe katika kila ofisi ya wilaya, ili asiwepo wa kumuuzia mwenziwe kile ambacho Serikali inakitoa kwa ada inayojulikana. Nne, anayeandikisha ndoa ya mwananchi na mgeni awajibike kuwaeleza wote wawili, kabla ya saini, yale yanayohusu ardhi, urithi na uraia wa watoto, hasa kwamba sheria yetu humtaka mtoto mwenye uraia wa nchi mbili achague mmoja anapofikia utu uzima.

Ndoa za hila zitaendelea kuwapo, na ni kazi ya Idara ya Uhamiaji kuzifichua. Hatumwombei msamaha tapeli. Lakini si haki kuwaadhibu wakweli wote kwa sababu ya waongo wachache, wala si busara kuweka taratibu ngumu kiasi cha kumfanya mkweli naye atafute njia ya panya. Mgeni akae siku zake mbili, na sheria imchunguze atakavyo. Ikithibitika kuwa amekuja kuwa mtu wa nyumba, basi siku ya tatu tumpe jembe lake, alime pamoja nasi.